Yai Lililobishaniwa kwa Miaka 85

Mwaka 1864, huko Wood's Point, mji wa wachimba dhahabu katika milima ya koloni la Victoria, Australia, platipasi jike alinaswa akiwa hai. Alifungwa kamba, akatiwa ndani ya sanduku tupu lililokuwa la chupa za pombe, na watu wakaenda kulala. Kulipokucha, sandukuni mlikuwa na mayai mawili. Yalikuwa meupe na laini, ukiyagusa yanabonyea, bila lile gamba gumu la yai la kuku. Daktari mmoja wa pale, John Nicholson, alitambua kwamba jambo hilo lilikuwa na watu wake Ulaya waliolingojea kwa miongo mingi, akamwandikia Richard Owen wa London, bingwa wa anatomia asiye na mpinzani katika Uingereza ya wakati ule.

Owen hakumwita daktari mwongo. Habari ile aliichapisha, lakini akaipa maana yake mwenyewe: mnyama aliyefungwa kamba na kutupwa sandukuni hushikwa na hofu, na hofu huharibu mimba. Kwa hiyo yale mayai mawili hayakuwa yametagwa, bali mimba imetoka kabla ya siku zake. Suala likabaki wazi kwa miaka mingine ishirini, na kwa kipindi chote hicho platipasi waliendelea kutaga kando ya mito ya mashariki ya Australia kila mwaka, kama walivyofanya tangu zamani za zamani.

Mzozo wenyewe ulianzia kwenye ngozi moja iliyokaushwa. Mwishoni mwa 1797, karibu na mto Hawkesbury, si mbali na Sydney, Gavana John Hunter alimtazama mwenyeji mmoja akimvizia mnyama mdogo majini, akingoja kila anapoibuka kuvuta pumzi, hata akampata kwa mkuki. Walowezi walikuwa wakimwita mnyama huyo fuko wa maji. Mwaka uliofuata Hunter alipeleka ngozi na mchoro kwa chama cha wasomi cha Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Husimuliwa kwamba mtumishi wa kike aliyebeba pipa la mzigo huo kichwani alilowa chapachapa baada ya kitako cha pipa kuachia, maana ndani mlikuwa na mnyama mwingine wa Australia aliyehifadhiwa katika pombe kali. Kama kisa hicho ni cha kweli, yule mama alikuwa wa kwanza Ulaya kupata taabu kwa ajili ya wanyama hawa, na si wa mwisho.

George Shaw wa Makumbusho ya Uingereza ndiye aliyeandika maelezo ya kwanza ya kisayansi, mwaka 1799. Alipoiona ngozi yenye manyoya mazito, mkia bapa, miguu yenye utando na mdomo wa bata, alishuku kuna fundi aliyeshona vipande vya wanyama wawili. Shaka yake haikuwa ya kipuuzi. Mabaharia waliorudi kutoka bahari za mashariki walikuwa wakiuziwa nguva bandia waliotengenezwa kwa kuunganisha nyani na samaki, na wasomi kadhaa walikuwa wamekwisha kuumbuka. Shaw aliichunguza ngozi, hakuona mshono, akakubali. Mwaka 1800 Johann Friedrich Blumenbach wa Göttingen naye akamwandika mnyama huyohuyo kwa jina jingine, na jina la kisayansi linalotumika leo limechanganya kazi za wote wawili.

Ngozi haisemi mnyama anazaaje. Hilo lilingoja miili mizima iliyohifadhiwa katika pombe, na Everard Home, daktari mpasuaji wa London, aliipata na kuipasua mwaka 1802. Alichokuta kilimchanganya. Jike hakuwa na chuchu. Mkojo, kinyesi na uzazi vilitumia tundu moja, sawa na ndege na mijusi. Mji wa mimba wenyewe haukufanana na wa mamalia yeyote aliyewahi kumpasua. Home akatoa rai kwamba labda yai huanguliwa tumboni, kama kwa baadhi ya mijusi na nyoka. Ekidna, yule mla-mchwa mwenye miiba ambaye Shaw alikuwa amemwandika tangu 1792, naye alionekana kuwa na mwili wa aina hiyo. Mwaka 1803, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire wa Paris aliwaweka wawili hao pamoja katika oda moja ya peke yao.

Hapo ndipo ugomvi ulipoota mizizi. Tangu Linnaeus, kundi la mamalia lilitambulishwa kwa jambo moja juu ya yote: kunyonyesha. Na kwa wasomi wa wakati huo, maziwa na yai vilikuwa mume na mke waliokwisha kupeana talaka. Ukimwona mmoja, mwingine hayupo. Geoffroy aliamini wanyama hawa hutaga, kwa hiyo hawana maziwa, kwa hiyo si mamalia. Mwenzake wa Paris, Henri de Blainville, alishikilia kwamba ni mamalia, basi lazima wazae. Kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli, na kila upande ulitumia nusu yake kuipiga nusu ya mwenziwe.

Mwaka 1824 Johann Friedrich Meckel, bingwa wa anatomia kutoka Halle, Ujerumani, alitangaza kwamba ameona tezi za maziwa katika tumbo la platipasi jike. Zilikuwa chini ya ngozi, na mirija yake midogo ilitokeza nje kati ya manyoya, bila chuchu. Geoffroy alikataa. Tezi hizo, alisema, ni za kutoa majimaji ya ngozini, mfano wa zile zilizo ubavuni mwa kirukanjia. Miaka michache baadaye, Robert Grant, profesa wa London, alimpelekea mchoro wa mayai yaliyodaiwa kuwa ya platipasi, yaliyookotwa kando ya Hawkesbury. Geoffroy akafurahi, akautangaza. Yale mayai yaelekea yalikuwa ya kobe wa mtoni.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu kosa hilo lina uchungu wake. Geoffroy alikuwa sahihi kuhusu yai, na ushahidi aliousimamia ulikuwa wa uongo. Watu waliomcheka kwa sababu ya mayai ya kobe walijiona wameshinda hoja yote.

Maziwa yalithibitishwa kwanza, na aliyefanya hivyo hakuwa profesa. Luteni Lauderdale Maule, ofisa wa kikosi kilichokuwa New South Wales, alichimbua viota, akamfuga jike na watoto wake kwa muda. Jike alipokufa, manyoya ya tumbo yalionekana yakitoka maziwa. Katika takataka za kiota Maule aliokota pia vipande vilivyofanana na ganda la yai. Taarifa yake ilifika London mwanzoni mwa miaka ya 1830. Maziwa yakapokelewa, na Owen, ambaye wakati huo alikuwa kijana anayepanda ngazi, aliandika mwaka 1832 maelezo ya tezi hizo yaliyofunga mjadala. Vile vipande vya ganda havikupata msemaji.

Mwaka huohuo wa 1832, daktari George Bennett alifika New South Wales akiwa na azma ya kumaliza suala lililobaki. Alikuwa rafiki wa Owen, na alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: alikwenda mtoni pamoja na Waaborijini, watu ambao walikuwa wakiwawinda wanyama hawa tangu vizazi visivyohesabika, akawauliza. Baadhi walimwambia kwamba hutaga mayai. Wengine, katika maeneo mengine, walimwambia watoto huzaliwa. Wengine walisema hivi, kisha wakasema vile. Bennett alihitimisha kwamba ushuhuda wao hautegemeki, akarudi kwenye kisu na darubini.

Kwa maoni yangu hapo ndipo muda mwingi ulipopotea. Mazungumzo yalifanyika kwa Kiingereza cha kuungaunga, kati ya mgeni mwenye kalamu na watu ambao ardhi yao ilikuwa ikinyang'anywa mwaka hadi mwaka. Majibu yanayogongana katika hali hiyo yalistahili kuulizwa tena, mahali hapohapo, katika msimu unaofaa. Na msimu haukufaa. Bennett alichimba mashimo hadi Desemba, na watoto aliowapata walikuwa wamekwisha kuota manyoya. Mayai ya mwaka ule yalikuwa yameanguliwa zamani.

Uhai wa yai la platipasi nje ya mwili wa mama yake ni kama siku kumi tu kwa mwaka. Jike huchimba shimo la uzazi ukingoni mwa mto, na shimo hilo laweza kufika mita 20 au zaidi likipindapinda ndani ya udongo. Hubeba majani mabichi kwa kuyakunjia mkia chini ya tumbo, akarudi nayo shimoni safari baada ya safari, akatandika kiota. Kisha huziba njia nyuma yake kwa vizibo vya udongo, kimoja hapa, kingine mbele. Vizibo huzuia mafuriko na wavamizi, na unyevu wa majani husaidia mayai yasikauke. Dume hana kazi yoyote humo. Mayai huwa mawili kwa kawaida, yamegandana, kila moja lina urefu wa milimita 17 hivi, nayo hulaliwa kwa namna ya ajabu: mama hujikunja chali au kiubavu na kuyabana kati ya mkia na tumbo. Mtu mwenye jembe anayevunja vizibo hivyo ovyo huwa amekwisha kuviharibu alivyovitafuta.

Owen naye alikuwa na sababu ya kupotoka. Yai la platipasi hukaa katika mji wa mimba zaidi ya wiki mbili kabla ya kutagwa, nalo hukua humo likifyonza majimaji ya mama, kutoka milimita chache hadi ukubwa wake kamili, huku kiinitete kikijijenga ndani. Mpasuaji aliyekuta yai tumboni aliona kitu kinachofanana sana na mimba inayoendelea. Tena katika ovari mbili za jike ni ile ya kushoto pekee inayofanya kazi, kama kwa ndege wengi. Owen aliyaona hayo yote kwa usahihi mkubwa. Alichokosa ni hatua ya mwisho, na hatua ya mwisho haikutokea juu ya meza ya London.

Januari 1836 Charles Darwin alipita Wallerawang, magharibi ya Sydney, akawaona platipasi wakicheza mtoni wakati wa jioni. Alikuwa na miaka 26. Alipochapisha kitabu chake juu ya chanzo cha spishi mwaka 1859, mnyama yule alikuwa amepata uzito mpya, maana kama mamalia walitokana na viumbe waliotaga, hapa palikuwa na ndugu aliyebaki njiani. Owen hakuipenda nadharia ya Darwin hata chembe. Sitasema kwamba ndiyo sababu aliyakataa mayai ya Wood's Point. Alikuwa na rai yake tangu zamani. Lakini wakati huo hakuwa na haraka ya kuibadili.

Aliyemaliza kazi alikuwa kijana wa Kiskoti, William Hay Caldwell, aliyesomea Cambridge. Alifika Australia Septemba 1883 kwa fedha za ufadhili ulioanzishwa kwa kumbukumbu ya mwalimu wake, Francis Balfour, aliyekufa milimani Alps mwaka uliotangulia. Mwaka 1884 alipiga kambi kando ya mto Burnett, Queensland, akitafuta mayai ya samaki mwenye mapafu aishiye mto ule pamoja na siri ya uzazi wa platipasi na ekidna. Akaajiri Waaborijini, hatimaye hadi watu 150 pamoja na familia zao.

Hao ndio waliofanya utafiti, kwa maana halisi ya neno hilo. Kumpata ekidna jike porini katika msimu wake ni ustadi ambao Cambridge haikuufundisha. Caldwell alilipa nusu krauni kwa kila ekidna jike, na papo hapo aliwauzia unga, chai na sukari kwa bei aliyoipanga yeye. Katika makala yake ya 1887 anaeleza, bila haya, kwamba bei hizo zilitosha kuwaacha na njaa ili kesho warudi kuwinda. Ekidna zaidi ya 1,000 waliuawa. Wawindaji waliomletea vielelezo vile hakuwataja kwa majina.

Mwishoni mwa Agosti 1884 Caldwell alimpiga risasi platipasi jike. Yai la kwanza lilikuwa limekwisha kutagwa. La pili lilikuwa kwenye mlango wa mji wa mimba, njiani kutoka, na ndani yake mlikuwa na kiinitete kilichofikia hatua ya kifaranga cha kuku cha saa 36. Hapakuwa tena na nafasi ya kusema hofu wala mimba kuharibika. Tarehe 29 Agosti akatuma telegramu ya maneno manne ya kitaalamu kwa Profesa Liversidge wa Chuo Kikuu cha Sydney, iliyosema kwamba wanyama wa oda hii hutaga, na kwamba yai lao hugawanyika upande mmoja tu, juu ya kiini, kama la ndege na reptilia. Liversidge aliipeleka Montreal, Kanada, ambako wanasayansi wa Uingereza walikuwa wakifanya mkutano wao, ikasomwa tarehe 2 Septemba. Nusu ya pili ya ujumbe ndiyo iliyowasisimua wataalamu zaidi, kwa kuwa yai la namna hiyo lilionyesha udugu wa kale na reptilia, ambao kutaga peke yake hakungeuthibitisha.

Siku hiyohiyo, 2 Septemba 1884, huko Adelaide, Wilhelm Haacke, Mjerumani aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Australia Kusini, aliwaonyesha wanachama wa chama cha wanasayansi ganda la yai la ekidna. Yeye hakuwa na kambi wala watu 150. Alikuwa na ekidna aliyeletwa kutoka Kangaroo Island, akamkagua tumboni, na mkono wake ukatoka mfukoni mwa mnyama na yai. Alishtuka kiasi kwamba alilibana kwa vidole, likapasuka. Hawa watu wawili hawakujua habari za mwenzao. Caldwell ndiye anayetajwa zaidi vitabuni, pengine kwa sababu telegramu yake ilisomwa Montreal; ila Haacke alilishika yai la mnyama aliye hai, na ningependa jina lake lisikike zaidi.

Caldwell hakudumu katika sayansi. Baada ya makala zake chache aliingia biashara ya viwanda vya karatasi Uskoti. Vielelezo vyake vilibaki Cambridge, na mwaka 2022 Jack Ashby wa makumbusho ya zuolojia ya huko alivikuta tena, ekidna na platipasi wadogo katika mitungi, ambao hata wahifadhi hawakujua kwamba bado wapo.

Swali la kutaga lilikwisha, la kiota halikuwa limeanza. Harry Burrell, mtafiti asiye na shahada, alitumia miaka kufukua mashimo ya New South Wales, akaandika kitabu chake cha mwaka 1927 kinachoeleza vizibo vya udongo, matandiko na mapito. Kumwona mama akifanya kazi hiyo tangu mwanzo kulingoja hadi David Fleay, wa hifadhi ya Healesville karibu na Melbourne, alipofuga jozi aliyoiita Jack na Jill. Katika majira ya kuchipua ya 1943 Jill alianza kubeba majani, akajifungia shimoni, akatoka, akala kuliko kawaida. Januari 1944 Fleay alifungua shimo kwa uangalifu akamkuta mtoto mmoja, aliyepewa jina Corrie. Ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla ya Healesville kufanikiwa tena. Vita vikiendelea, Fleay aliagizwa pia atoe platipasi wa zawadi kwa Churchill, na mnyama huyo akafa melini karibu kufika Uingereza. Hicho ni kisa kingine.

Ekidna alijulikana vizuri baadaye zaidi, hasa kwa kazi ya miaka mingi ya Peggy Rismiller huko Kangaroo Island, kisiwa kilekile cha ekidna wa Haacke. Wakati wa baridi jike huandamwa na madume yaliyojipanga mstari, wakati mwingine kumi au zaidi, kwa siku na wiki. Wiki tatu baada ya kupandwa hutaga yai moja moja kwa moja ndani ya mfuko wa tumboni, na baada ya siku kumi hutoka mtoto asiyefikia nusu gramu, asiye na nywele wala miiba, ajishikizaye kwa mikono ya mbele na kulamba maziwa yanayochuruzika ngozini. Miiba inapoanza kuchomoza, takriban siku 50 baadaye, mama humtoa mfukoni na kumwacha shimoni, analiziba, huenda kutafuta mchwa, na hurudi kumnyonyesha mara moja kila siku tano au zaidi. Kikao kimoja humwacha mtoto na tumbo linalokaribia kupasuka.

Jenomu ya platipasi ilipochapishwa mwaka 2008 ilionyesha zile nusu mbili za ukweli zikiwa katika mwili mmoja: jeni za protini za maziwa zipo, na kati ya jeni za protini ya kiini cha yai, ambazo kuku anazo tatu, imebaki moja inayofanya kazi.

Wapo ndugu wengine, ekidna wa pua ndefu wa kisiwa cha New Guinea. Mmoja wao, aliyepewa jina la mtangazaji David Attenborough, alijulikana kwa kielelezo kimoja tu cha mwaka 1961 kutoka milima ya Cyclops, Papua ya Indonesia, hata wengi wakadhani ametoweka. Mwaka 2023 timu ya watafiti kutoka Oxford na Indonesia ilipata picha zake, siku ya mwisho ya msafara, kwenye kadi ya mwisho ya kamera za mitego. Watu wa kijiji cha Yongsu Sapari, waliowaongoza, hawakuwa na shaka juu yake. Kwao watu wawili wakigombana, desturi ni kumtuma mmoja msituni amtafute ekidna na mwingine baharini amtafute samaki sulisuli, na kwa kuwa kumpata yeyote kati yao huchukua miaka, ugomvi huisha wenyewe. Watafiti wale walipiga picha mnyama akitembea usiku. Kiota chake hawakukifikia.